Punda Siwauzi, na kwa Maganga Siendi

Kijiji cha Mwabagole,
S.L.P. Bariadi,
Shinyanga.
18 Julai 1976

Mpendwa kaka yangu Thomasi,

Mwangaluka. Najua huko Arusha watu wanaamkiana kwa namna yao, lakini barua hii imetoka nyumbani, kwa hiyo inakuamkia kwa Kisukuma kwanza. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Mama anauliza kama bado unakohoa asubuhi, na kama lile blanketi alilokupa bado unalo au umeshamgawia mtu kama kawaida yako.

Sisi wote hatujambo. Shingo ya mama, ambayo nitakueleza habari zake mbele, imepona kabisa. Baba goti la kulia linamsumbua, ila kula anakula na kugomba anagomba, kwa hiyo tunajua ni mzima. Pamba tumeshachuma, imebaki ile ya mwisho ya kuokotezaokoteza. Mtama ni wa wastani. Mbuzi wamezaa mapacha mara mbili.

Utaona mwandiko huu si wa Mwalimu Generoza, aliyekuwa akituandikia barua zote. Ni wangu. Miaka miwili nimekwenda darasa la watu wazima kule kwenye ghala la pamba, jioni baada ya kazi, na mwaka jana nikafanya mtihani nikafaulu. Herufi zangu bado zinapanda mlima, lakini zinafika.

Kwa hiyo ile barua uliyomwandikia baba mwezi wa tano, ukidhani Mwalimu Generoza ataisoma polepole na kwa heshima, nimeisoma mimi. Nimeisoma kwa sauti, baba na mama wamekaa, kuanzia "Mpendwa Baba" mpaka jina lako. Sikuruka neno. Hata pale ulipoandika habari zangu sikuruka.

Umesema mambo mawili. Kwanza, punda wauzwe kabla ya Saba Saba, kwa sababu watu wa kwetu wanaofika Arusha wanakucheka kwamba Mzee Masele, aliyejaza zizi, sasa anafuga punda. Pili, mimi nikubali kuolewa na Maganga wa Mwamanyili, ili ng'ombe warudi nyumbani na wewe upate mahari ya kumwolea huyo binti wa huko.

Jibu la jambo la kwanza ni hapana. La pili pia ni hapana. Nimeyaweka mwanzoni ili usisome barua nzima ukitafuta mahali nilipolegea.

Sasa kaa vizuri nikueleze, kwa maana tangu uondoke mwaka wa sabini na mbili umekuwa ukituandikia kana kwamba tuko vilevile ulivyotuacha.

Unajua kwamba mwaka wa sabini na nne tulihamishwa kwenye operesheni ya vijiji. Hapa Mwabagole nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule wanaoimba asubuhi. Sisemi kijiji ni kibaya. Shule iko karibu, zahanati ipo, na kama tungebaki kule mbugani mimi nisingejua kusoma barua zako. Lakini maji hayakuhama pamoja nasi. Tena mwaka ule mvua ilikataa. Ng'ombe wa baba walikuwa wamekwisha kupungua nilipoachana na mume wangu na mahari ikarudishwa. Hilo nalijua, huna haja ya kunikumbusha. Waliobaki ukame uliwamaliza mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa yule jike mwekundu mwenye pembe moja iliyoshuka, uliyekuwa ukimpanda mgongoni ukachapwa. Baba alimchuna mwenyewe, akaitandaza ngozi, akakaa kwenye kigoda, na msimu mzima hakushika jembe.

Kaka, baba yule! Yule aliyekuwa akituambia kwamba umande ukikauka hujafika shambani, bora urudi ukalale kwa sababu siku imekushinda. Aliyekuwa akitupangia mistari ya pamba, yako na yangu, sawasawa, na kupita nyuma yetu akitazama kama tumeacha majani. Ukaenda shule, mistari yako nikaipalilia mimi. Silalamiki. Nilipenda usome. Lakini usinifundishe leo ukoo wetu ni wa kazi gani.

Mama ndiye aliyekuwa akifuata maji mto Simiyu, kufukua mchanga mpaka yatoke, na kurudi na debe kichwani jua likiwa katikati. Mimi nilikuwa shamba. Siku moja alitua debe akashindwa kugeuza shingo. Ikawa hivyo zaidi ya wiki mbili. Akitaka kumtazama mtu, azungushe mwili mzima. Hukujua, kwa sababu alitukataza tusikuandikie, usije ukaacha kazi.

Ndipo nilipomchukua yule ng'ombe dume mmoja, wangu mimi si wa baba, niliyempata kwa pamba yangu mwenyewe, nikamswaga mpaka Kimali, nikambadilisha kwa punda wawili ambao bado ni vijana. Aliyenipa alicheka niliposema nimekubali. Walikuwa wamekonda, na migongo yao ina vidonda vya kamba ambavyo nzi walikuwa wakiingia na kutoka kama mlangoni kwao. Njia nzima kutoka Kimali nilitembea nao polepole, siku tatu, na kila nilipopita watu walinisalimu wakitazama chini wasicheke.

Nilipofika, mama aliwaletea maji. Baba aliwatazama, akanyanyua kigoda, akakigeuza kikaelekea upande wa pili. Kisha akakaa.

Mwaka mmoja na nusu baba hakuwagusa. Hakuwapiga, hakuwatukana, alijifanya hawapo tu. Mtu aliyeishi na ng'ombe maisha yake yote, kusimama nyuma ya punda ni kama kuvuliwa nguo sokoni. Nilimwelewa. Sikumwomba kitu.

Nikawaosha vidonda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni mpaka ngozi ikafunga. Nikawatoa kupe kwa vidole. Mmoja nikamwita Mbula, kwa sababu mvua ya kwanza ilinyesha wiki ile aliyofika. Mwingine nikamwita Karani, kama kazi yako huko. Usikasirike. Kila ukimwambia kitu, husimama kwanza akafikiri, na akishaamua huwezi kumbadilisha. Mama alisema jina limempata mwenyewe.

Nira ya ng'ombe haimfai punda, inamchubua. Niliona hivyo siku ya kwanza nikaitupa. Mimi na mama tukakunja magunia mara tatu, tukashona na ngozi ya yule jike mwekundu, tukapata mkanda mpana wa kupita kifuani. Mama alimwomba baba ngozi ile. Baba hakusema ndiyo wala hapana, akatoka nje, nasi tukaichukua. Kwa mkanda ule Mbula na Karani wamevuta pipa la maji, wamevuta kuni, wamevuta jembe. Msimu huu nimelima nao ekari tatu za pamba na moja ya mtama, na mama tangu hapo hajabeba debe.

Watu waliniita Milembe Mapunda. Watoto walinifuata wakilia kama punda. Halafu wanawake wenyewe wakaanza kuja mlangoni, kwanza mmoja, akiniomba nimletee maji mgonjwa wake, kisha wengi. Zahanati nikaipelekea pipa kila Jumanne, bure, kwa hiari yangu. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Salu, akaja kusema kwamba kwa kuwa wanafanya kazi ya wote, wahamie shamba la kijiji. Nikamwambia kazi ya wote nitaifanya, lakini kamba inabaki mkononi mwangu, kwa maana shamba la kijiji nimeona jinsi kitu cha wote kinavyokosa wa kukilisha siku ya Jumapili. Alikasirika. Nilipeleka maji Jumanne iliyofuata kama kawaida.

Sasa nikupe sifa yako. Mwaka jana ulituandikia kwamba umekwenda kutazama maonyesho ya farasi ya wale walowezi waliobaki huko, kwamba farasi wamesuguliwa mpaka wanang'aa kama viatu vya askari, wanasimama kimya bila kufungwa, wanarudi nyuma kwa neno moja. Ukamaliza kwa kusema, "Hao ndio wanyama wa kuonyesha watu, si hao wa Milembe." Wote walicheka, mama pia. Mimi nilimwomba Mwalimu Generoza anisomee tena, na tena. Si kwa hasira. Nilikuwa najifunza.

Tangu siku ile nikaanza kuwasugua kwa magunzi ya mahindi, kila jioni, kutoka shingoni kwenda nyuma. Kwato nikazichonga kwa kisu na kuzipaka mafuta ya karanga zisipasuke. Nikawafundisha kusimama. Naweka kamba chini, naondoka hatua tano, narudi. Hatua kumi, narudi. Karani aliweza kwa siku mbili kwa sababu kusimama ndiyo kazi aipendayo. Mbula alinichukua miezi miwili. Kurudi nyuma na mkokoteni ndiko kulikotutesa wote watatu, tuligonga ukuta wa choo mpaka ukaanguka, nikaujenga upya. Lakini walijua. Ilipofika mwezi wa nne, nikisema "nyuma" kwa sauti ya kawaida, walirudi wamenyooka kama uzi.

Kwa hiyo farasi wako, kaka, ndio walionipa wazo la maonyesho. Usimlaumu mtu mwingine.

Mwezi wa sita Bwana Salu alikuwa akiandika orodha ya wanyama watakaopelekwa Bariadi siku ya Saba Saba. Nikaenda.

"Kijiji kinapeleka maksai wa mpwa wangu," akasema.

"Na mimi napeleka punda wangu."

"Punda wakaonyeshe nini?"

"Kazi."

Waliokuwa pale walicheka. Akasema mwanamke hawezi kukiwakilisha kijiji mbele ya wageni akiwa nyuma ya punda. Nikamwambia nilikiwakilisha vizuri sana nyuma ya punda haohao siku ile mke wake alipojifungua na zahanati haina hata kikombe cha maji. Kicheko kiliisha. Lakini jina langu hakuliandika. Alifunga daftari akasema orodha imejaa, na mimi nililiona, Thomasi, nilisoma kichwa chini, lilikuwa na mistari mitupu chini ya majina mawili.

Wiki ileile barua yako ikafika. Baada ya kuisoma nikangoja baba aseme. Alikuwa na haki ya kusema, punda wako kwenye mji wake na mimi niko kwenye mji wake. Alitafuna kijiti chake muda mrefu, akauliza, "Imeisha?" Nikasema imeisha. Akasema, "Basi ikunje." Mimi nikawa sijui nimesimama wapi. Siku zile, kaka, nilikuwa na hofu, nakuambia wewe peke yako. Nililima, nikachota maji, nikasugua punda, lakini kila asubuhi niliamka nikifikiri leo ndiyo siku atakayosema Maganga anakuja.

Tarehe sita alfajiri nikawafunga punda kwenye mkokoteni niende. Nilikuwa nimemuaga mama tu. Nikasikia kigoda kinatua nyuma yangu juu ya mbao. Baba amepanda. Amevaa koti lake la misa na kofia.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Nina haja zangu mjini," akasema. "Twende, umande unakauka."

Siku nzima tuko njiani na hakuniambia haja zenyewe ni zipi. Tulifika tukapumzika uani kwa Bi Mwanaasha, yule mwenye duka la vitenge, anayenunua karanga za mama. Aliwatazama punda akasema, "Mashallah, wamenawa kuliko wateja wangu." Akatupa chai na akakataa katakata tulale stendi.

Asubuhi ya Saba Saba nikajipanga kwenye meza ya kuandikisha. Uwanja ulikuwa umejaa, bendera, ngoma, madume wenye mapambo shingoni, matikiti maji makubwa kama watoto waliokaa. Nyuma ya meza kulikuwa na bwana mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliniangalia, akawaangalia punda.

"Mama, mizigo inashushwa upande ule."

"Sijaleta mizigo. Nimekuja kushindana."

"Kijiji gani? Hebu tuone orodha. Humu haumo. Na tena punda hawamo, haya ni mashindano ya maksai."

Nyuma yake, kwenye ubao, walikuwa wamebandika tangazo la mashindano kwa herufi kubwa. Mwaka juzi ningeliona ni mchoro tu. Nikalisoma kwa sauti, kidole mbele, polepole, sikujali wanaongoja nyuma. "Ma-shin-da-no ya wa-nya-ma-kazi. Kila mfugaji mwenye jozi ya wanyamakazi waliofundishwa anakaribishwa." Nikamuuliza, "Bwana, neno maksai liko mstari gani? Nioneshe, maana mimi ni mwanafunzi mpya."

Akageuka akalisoma mwenyewe. Akalisoma tena. Wale waliokuwa nyuma yangu wakaanza kusema, "Mwandike! Mwandike!" Bwana mifugo mmoja mzee akaja kuuliza kelele ni za nini. Akainama, akamnyanyua Mbula kwato, akapitisha kiganja mgongoni mwa Karani mahali palipokuwa na vidonda, akauliza nani anawatunza hawa. Nikasema mimi. Akasema, "Mwandike wa mwisho."

Tulikuwa jozi tisa. Nane maksai, na sisi. Mkokoteni una magunia sita ya pamba, unapita kati ya vigingi bila kuviangusha, unasimama kwenye mstari wa chokaa, mwenye wanyama anaondoka hatua kumi na wao wabaki wamesimama, kisha warudishe mkokoteni nyuma mpaka alama. Maksai wa mpwa wa Bwana Salu walikwenda kwa nguvu sana, wakaupita mstari wa chokaa, wakampita na yeye. Wengine walifanya vizuri. Wa kutoka Sola walikuwa wazuri kweli, sisemi uongo.

Ikafika zamu yetu. Niliposhika kamba uwanja mzima ulilipuka kicheko. Nikasema, "Haya." Mbula akanyanyua mguu. Karani akasimama.

Nikasema tena. Karani hakwenda. Kaka, sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakicheka kwa wakati mmoja. Mtu akanirushia fimbo miguuni, "Mchape, mama, mchape!" Na nilitaka kumchapa. Mungu anisamehe, niliiokota ile fimbo. Nilimfikiria Bwana Salu, nikakufikiria wewe, nikaona barua yako imeshinda. Kisha nikamtazama Karani masikio. Hayakuwa masikio ya ubishi, nayajua. Yalikuwa yamelala nyuma, kama anapoumia. Nikaitupa fimbo.

Kabla sijainama nikamwona mtu anavuka kamba ya uwanja, anachechemea, kofia mkononi. Baba. Alipita mbele ya watu wote wale, wengi wao wanamfahamu tangu enzi za ng'ombe wake, akapiga goti lake bovu kwenye vumbi, akaunyanyua mguu wa mbele wa Karani akauweka juu ya paja lake, juu ya koti la misa. Akatoa kisu kidogo. Akauchunguza ukwato kama alivyokuwa akichunguza kwato za ng'ombe, akachomoa mwiba wa mbigili mrefu kama kucha. Akaunyanyua watu wauone.

Kicheko kilikatika.

Bwana mifugo yule mzee akasogea. "Mzee, kumbe wewe ndiye mwenye punda hawa?"

Baba akajikokota kusimama, ameushika mgongo wa Karani, mara yake ya kwanza. Akasema kwa sauti ya watu kusikia mpaka mwisho wa kamba, "Mwenyewe ni huyu, binti yangu Milembe. Mimi namsaidia kazi."

Akaondoka kwenda kusimama pembeni. Sikuwa na muda wa kulia. Nikasema, "Haya," wakaenda. Vigingi vyote tulivipita. Kwenye chokaa wakasimama, kwato juu ya mstari si mbele wala nyuma. Nikaweka kamba chini nikaondoka hatua kumi, na kwa kuwa nilikuwa nimekasirika nikaenda ishirini, na sikugeuka kutazama. Niliwatazama watu usoni, mmoja mmoja. Niliporudi walikuwa palepale. Nikasema "nyuma" kwa sauti ya kawaida, wakarudi wamenyooka kama uzi, mkokoteni ukafika kwenye alama, na hapo ndipo niliposikia vigelegele. Bi Mwanaasha ndiye aliyeanza, ana sauti yule mama.

Hatukuwa wa kwanza. Wa kwanza ni wale wa Sola, na walistahili, sisi tulipoteza muda mwingi kwa ule mwiba. Tumekuwa wa pili. Tumepewa jembe jipya la kukokotwa na cheti. Cheti kilikuwa kimechapwa kabisa "Jozi ya Maksai", hakuna aliyefikiria punda, kwa hiyo wamekata neno "Maksai" kwa kalamu wakaandika "Punda" juu yake kwa mkono, na bwana mwenye kalamu mbili ndiye aliyeandika. Bwana Salu ameomba kitundikwe ofisi ya kijiji, kwa kuwa ushindi ni wa kijiji. Nimemwambia kijiji changu hakikuwa na nafasi kwenye orodha. Kimetundikwa kwetu, juu ya mtungi wa maji.

Sasa habari ya Maganga. Jumatano iliyopita wamekuja wajomba zake wawili. Unakumbuka mwanzo walisema punda waondoke kwanza, ni aibu kwa mume. Safari hii wakasema Maganga amefikiri, hana neno, Milembe anaweza kuja na punda wake.

Baba akawauliza, "Mnamposa Milembe au mnaposa punda?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mzee, vyote ni heri."

"Mimi siku hizi ni msaidizi tu," baba akasema. "Muulizeni mwenyewe."

Wakanigeukia. Nilikuwa napepeta mtama, nikasimama na ungo wangu. Nikawaambia namheshimu Maganga, sina ugomvi naye, lakini kwake siendi, na wala si kwa sababu ya punda. Nilishaishi mji wa mtu miaka sita nikiamka kabla ya jogoo, na siku nilipoondoka hakuna kitu hata kimoja mle ndani nilichoweza kukiita changu. Hapa nalima changu. Kama siku moja nitaolewa, nitaolewa kwa kupenda.

Baba akawaambia, "Mmesikia. Kunyweni uji kwanza, njia ni ndefu." Wakanywa, wakaenda. Mama aliingia ndani akajifanya anatafuta chumvi, lakini nilimsikia akicheka.

Kaka, najua unataka kuoa na ninataka uoe. Sijakataa mahari yako, nimekataa iwe mimi. Watu kumi na mmoja wa hapa na wa vijiji jirani wameniomba niwalimie msimu ujao, na wenye mifugo nimekubaliana nao wanilipe mitamba. Tukilima vizuri miaka miwili, ng'ombe wako watatoka hapo, na nitawaswaga mwenyewe mpaka kwa wakwe zako. Watakuwa na pembe na mkia kama ng'ombe wengine wote. Ukiona aibu kwamba wametoka kwa punda, niandikie mapema nisijisumbue.

Ukipata likizo mwezi wa kumi na moja, uje. Usije na suti. Njoo na nguo za shamba, jembe jipya linahitaji mtu wa kulishika nyuma wakati mimi nawaongoza mbele, na baba goti haliwezi kwenye matuta.

Mama anakusalimu sana, anasema vaa sweta. Mwalimu Generoza anakusalimu, anaomba umsamehe makosa yangu ya herufi. Bi Mwanaasha wa mjini naye anakusalimu ingawa hakujui, amekusikia tu kwa mdomo wangu tulipokunywa chai kwake, na si yote yalikuwa mema. Msalimie huyo shemeji yangu mtarajiwa, mwambie akija atapata maji ya kuoga bila kuyafuata mtoni.

Baba nilimuuliza anakutumia neno gani. Yuko zizini sasa hivi ninapoandika, anamchonga Karani kwato na kumsifia kwa Kisukuma, sifa zilezile alizokuwa akiwaimbia ng'ombe wake, amebadilisha jina tu. Amesema hana neno, ana kazi.

Mungu akulinde kifua na akulinde na watu wenye kucheka, akupe mke mwenye nguvu na akurudishe nyumbani mzima.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata tukibishana,
Milembe Ng'wana Masele